Meza ya Watu Wawili

Hell-Ville, Nosy Be
11 Machi 1996

Kaka yangu Msaidié,

Amani ikufikie wewe na shemeji yangu Bi Sittou na wote mnaolala chini ya paa moja hapo Mahajanga. Sisi huku tu wazima, ila mvua haitupi nafasi. Kimbunga kilitupita kwa mbali, kikachukua mabati mawili ya jikoni na mpapai wangu uliokuwa ndiyo kwanza umeanza kuzaa. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Nakuandikia kwa Kiswahili cha Baba, kile alichotufundisha Unguja, kwa kuwa vijana wa nyumba hii wanasoma Kifaransa na Kimalagasi tu, na yapo mambo sitaki yasomwe wakati wa chai.

Jambo lenyewe ni hili. Kouraichia, mwanangu, amejifungua mtoto wa kike kule Réunion. Huyu ni wa tatu, na mimi sijamwona hata mmoja. Kila mwaka ananiita, kila mwaka namwambia ndege siipandi. Basi safari hii ameniweza, amenikatia tikiti ya meli. Si meli ya mizigo, Kaka. Ni meli ya matembezi ya kampuni ya zamani sana, inaitwa Reine Mathilde. Itatia nanga hapa Oktoba, ipite Mahajanga, izunguke hadi Réunion, na baada ya wiki mbili inarudi njia ile ile.

Ameniletea na kijitabu, nimekisoma mpaka kimelegea. Chakula cha jioni ni saa moja na nusu kamili, kila mtu na meza yake aliyopangiwa. Jioni tatu ni za kuvalia: wanaume suti nyeusi, wanawake gauni refu, ama vazi rasmi la kwao. Djaanfar, kijana wa jirani anayefanya kazi hotelini Ambondrona, alicheka mpaka akakaa chini. Anasema meli hizo ni za wazee wanaotaka kufa na tai shingoni, na kwamba ningoje zile za siku hizi, zenye muziki na watu wa kaptura.

Wewe ulihudumu mezani kwenye meli za abiria miaka kumi na miwili. Niambie kweli, meli ya namna hii inamfaa mtu kama mimi? Kouraichia anataka jibu kabla ya Agosti.

Mdogo wako,
Zalifa


Mahajanga
2 Aprili 1996

Mdogo wangu Zalifa,

Barua yako ililala bandarini Antsahampano siku tano ikingoja lori, ikafika imelowa kama mtu. Hatujambo. Sittou anakusalimu, anasema ukipanda tena mpapai uuegemeze ukuta. Mimi meno yamebaki machache, lakini yaliyobaki yanaelewana.

Huyo Djaanfar anajua hoteli, meli haijui. Nitakwambia nilivyoona kwa macho yangu. Meli ya kirasmi haimfai kila mtu. Haimfai anayekula anapojisikia, wala anayetaka kubadilisha meza kila jioni akitafuta watu wapya, wala anayeona kupiga pasi ni adhabu. Siku za baharini kule ni ndefu na hazina kelele. Kuna maktaba, kuna chai saa kumi, na watu wanasalimiana kwa kuinamisha kichwa kidogo. Mtu asiyeweza kukaa na mawazo yake anateseka. Nimewahi kuwaona wakilia juu ya vitabu walivyoshika kichwa chini miguu juu.

Inamfaa mtu anayetaka kujua anakaa wapi. Na wewe umekulia katika harusi zetu za Kingazija. Aliyetimiza harusi kubwa anakaa mbele na joho lake, asiyetimiza anakaa nyuma na watoto hata awe na mvi kichwa kizima. Wale wazungu wa meli wana mambo yale yale, ila hawana biriani.

Kitu kimoja nilichokipenda ni hiki. Kila abiria ana kadi yenye jina lake mezani. Ikishaandikwa, kiti ni chake mpaka mwisho wa safari. Akiugua akabaki chumbani, tunamtandikia vile vile, uma, kisu, glasi ya maji. Na sahani haiondolewi mpaka tuulize kama bwana au bibi amemaliza, hata kama haikuguswa. Mkuu wetu alikuwa mkali kwa hilo kuliko kwa sala zake.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, itakufaa. Lakini meli itasimama hapa Mahajanga. Sijui kama umelifikiria hilo.

Kaka yako,
Msaidié


Hell-Ville
5 Mei 1996

Kaka Msaidié,

Nimefurahi kusikia habari za meno yako. Huku mvua imekatika, watu wanachuma langilangi na mji mzima unanukia mpaka kichwa kinauma. Mpapai nimepanda, na ukuta nimeupa kama shemeji alivyosema.

Umenishawishi. Nimetoa shiromani yangu, ile nguo niliyojitanda siku ya harusi, nikaianika, haina tundu hata moja. Kouraichia amewaandikia watu wa kampuni kuhusu nyama, wamejibu kwa adabu kwamba nitapikiwa samaki kila siku. Kwa mambo ya kuvaa na kula sina wasiwasi tena.

Lakini Mahajanga sishuki. Hilo nililifikiria kabla hujaniuliza. Tangu Desemba ile ya sabini na sita, watu wa mji walipotugeukia sisi Wangazija, sijakanyaga hapo, na unajua ni nani niliyemwacha. Soilihi angeipenda meli hii. Mume wangu alikuwa mtu wa kukunja kanzu mara mbili kabla ya kulala.

Sasa nina ombi. Chumba ni cha watu wawili na meza ni ya watu wawili, Kouraichia hataki nisafiri peke yangu. Njoo wewe. Panda hapo Mahajanga, nitakungoja juu melini, na mimi sitalazimika kushuka. Karatasi zako atazishughulikia yeye. Utakaa kwenye kiti badala ya kusimama nyuma yake, uone nao wanavyohudumu siku hizi.

Na neno dogo. Niliposoma yale maneno ya vazi rasmi la kwao, niliona joho la Soilihi waziwazi, lile jeusi lenye nyuzi za dhahabu kifuani. Ulinieleza zamani kwamba nyumba yetu ilikutwa tupu. Je, joho halikuwahi kuonekana popote? Nauliza tu.

Zalifa


Mahajanga
28 Juni 1996

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa na kikohozi, halafu paa likavuja upande wa kitandani, halafu Sittou akaenda kumuuguza mama yake Marovoay, nikabaki napika mwenyewe. Wali wangu umewashinda hata kuku.

Nimefikiri upya habari ya meli. Naona haikufai. Una miaka sitini na moja, goti bovu, ngazi za meli ni nyembamba, na bahari ya Oktoba haiaminiki. Huko utakaa kimya siku nyingi mno, na kimya si kizuri kwako. Bora Kouraichia awalete watoto Nosy Be waione nyumba ya bibi yao. Mimi kwa kikohozi hiki siwezi kuja.

Msalimu Djaanfar. Mwambie kwa jambo la meli huenda alikuwa na haki.

Msaidié


Hell-Ville
15 Julai 1996

Kaka Msaidié,

Nakuombea kikohozi kipone na paa lizibwe. Sisi wazima.

Barua yako ina kila kitu isipokuwa jibu la nililouliza. Aprili meli inanifaa, Juni hainifai. Goti langu ulilijua tangu Machi. Nimekasirika, na nakuambia kwa kuwa tumebaki wawili tu.

Labda unanyamaza kwa kunihurumia, ukidhani sijui kilichomtoa Soilihi kambini. Basi nitakwambia mimi, nilichokificha miaka ishirini kasoro. Tulikuwa tumejazwa katika kambi ya askari, mimi, yeye na Kouraichia mwenye miaka sita, tukaambiwa meli inakuja kutupeleka Ngazija. Watu walikuwa wanafurahi kwamba wako hai. Mimi nikafikiria joho. Nilimwambia, "Utafika kwenu bila joho, wakukalishe nyuma na watoto?" Alikuwa ametimiza harusi kubwa kwa jasho lake, Kaka, miaka tisa ya kujinyima. Alinitazama, akacheka kidogo, akasema nyumba si mbali, anakwenda na kurudi. Askari wa mlangoni alikuwa anamfahamu, akamwachia.

Hakurudi. Meli ikaja na mimi nikakataa kupanda. Watu walinivuta mkono, nikakaa chini mchangani na mtoto. Nikapanda lori, kisha mashua ya kuvuka, nikaja huku kwa binamu wa Mama, na hapa nikakaa. Kwangu mimi kupanda meli yoyote ni kuacha kumngoja. Ndiyo maana nilikuuliza kama itanifaa, si kwa sababu ya uma na visu.

Mchana, nyumba ikiwa kimya, nasikia kifuniko cha kasha kikifunguliwa. Lile kasha letu la mninga lilibaki Mahajanga, lakini nalisikia hapa, chumba cha pili. Linafunguliwa, halifungwi. Nimeshaacha kwenda kutazama.

Sasa unajua. Kama ulikuwa unanilinda, acha. Niambie unachokijua.

Zalifa


Mahajanga
22 Agosti 1996

Zalifa, mdogo wangu,

Sittou amerudi, mama yake amepata nafuu, kikohozi changu kimekwisha. Hizo ndizo habari za nyumbani. Nimeandika barua hii mara nne, na tatu nimewashia moto wa jikoni.

Joho lilikuwa kwangu. Liko kwangu mpaka leo, limefungwa katika shuka na dawa ya nondo.

Mimi sikutimiza harusi kubwa. Nilimwoa Sittou, mwanamke wa hapa, kwa sherehe ya asubuhi moja, na sijutii. Lakini miaka yote ile niliwavutia watu viti, nikarudi nyumbani na kwenye karamu zetu nikakaa nyuma na vijana. Shemeji yangu, aliyekuwa mdogo kwangu kwa miaka minne, alikuwa akinipita kwenda mbele na kuniomba radhi kwa macho. Alikuwa mwema hata katika hilo. Mwezi wa Novemba mlipokwenda Marovoay kwenye msiba, mliniachia ufunguo. Nilifungua kasha, nikachukua joho, nikaenda kwa mpiga picha mjini. Nilitaka picha moja tu, niipeleke Ngazija kwa mashangazi wasioweza kujua. Nilivaa, nikakaa, nikapigwa picha. Lilinikaa vizuri, Zalifa. Hilo ndilo linaloniumiza.

Nilipanga kulirudisha Ijumaa. Ijumaa Soilihi alikuwa nyumbani na homa, nikasema ijayo. Ijayo mji ukawaka. Wakwe zangu walinificha ghalani nyuma ya magunia ya mchele siku kumi na moja, na joho likiwa uvunguni kwangu.

Jirani yenu wa ukuta mmoja, yule mama muuza kahawa, alinisimulia baadaye. Alimwona Soilihi akiingia ndani mchana. Akasikia kasha likifunguliwa. Angelikuta joho juu, pale lilipokaa siku zote, angetoka mara moja na njia ilikuwa bado tupu. Lakini alikaa. Mama yule alisikia vitu vikitolewa, makasha yakiburutwa, kitanda kikisogezwa, muda wa kuchemsha chungu cha maharage. Akatamani kumpigia ukuta, akaogopa. Kisha watu wakaja kutoka upande wa soko. Hakutaka kuniambia zaidi, nami sikumuuliza. Kaburi halijulikani.

Kasha unalolisikia, mimi nalisikia pia. Sijawahi kumwambia mtu. Nilidhani alirudi kwa akili yake, sikujua kama wewe ndiye uliyemtuma. Ningelijua, ningekwambia tangu mwanzo kwamba yeye hakufa kwa neno lako. Au labda nisingekwambia. Nimekuwa mwoga muda mrefu, sijui tena ningefanya nini.

Picha sikuwahi kwenda kuichukua. Sasa unaelewa kwa nini siwezi kukaa kwenye kiti kile nikiwa nimevaa vazi rasmi. Nilikuambia meli haikufai kwa kuwa niliogopa uje Mahajanga uniulize ana kwa ana.

Msaidié


Hell-Ville
27 Septemba 1996

Msaidié,

Barua yako nimeipata siku kumi zilizopita. Hatujambo.

Siku tatu sikula. Siku ya nne nilitaka kukuandikia matusi, nikakuta matusi yote ninayoyajua yananihusu na mimi. Wewe ulilichukua, mimi nilimtuma. Mmoja wetu asingelifanya lake, Soilihi angekuwa hapa analalamikia goti lake.

Mwishoni mwa Julai nilimwambia Kouraichia ndiyo, kabla barua yako haijafika, na jina lako liko kwenye orodha ya meza. Meli itatia nanga hapa tarehe kumi Oktoba, Mahajanga tarehe kumi na mbili. Sijui kama nitapanda. Nikipanda, sishuki. Kuja ama kutokuja ni juu yako.

Zalifa


Ndani ya Reine Mathilde, baharini
13 Oktoba 1996

Kaka yangu Msaidié,

Natumai wewe na Bi Sittou mmeamka salama. Mimi nimeamka salama, goti limetulia kabisa, nadhani linaona aibu mbele ya wazungu. Barua hii nitaiposti Réunion.

Nilipanda. Djaanfar alinibebea mkoba hadi kwenye boti na hakucheka. Nilipoweka mguu kwenye ngazi ya meli nilisimama, watu nyuma yangu wakangoja bila kuguna, na baharia mwenye glavu nyeupe akaninyooshea mkono akaushikilia hapo hapo hewani, kana kwamba ana siku nzima. Nadhani nilisimama muda mrefu. Halafu nikaushika.

Ulisema kweli kuhusu meli hii. Kengele inalia na watu wanatoka vyumbani wamevaa, wanatembea polepole, kila mmoja anajua anakokwenda. Hakuna anayekuuliza umetoka wapi wala una watoto wangapi. Mama mmoja wa Kibelgiji huniinamishia kichwa, nami namwinamishia, na sote tunaridhika. Djaanfar angepata wazimu hapa kufikia siku ya pili. Mimi sijapumzika namna hii tangu Unguja.

Jana Mahajanga ilipotokea sikutaka kutazama, nikatazama. Mji umekuwa mdogo. Niliketi kwenye sitaha tangu asubuhi. Boti ya tatu ikaja na abiria waliokwenda kutembea, na wewe ukiwa nyuma yao, kanzu nyeupe isiyo na urembo, na bunda mkononi. Nilikujua kwa unavyosimama, mgongo wima kama unangoja mtu aagize supu. Ofisa alilitafuta jina lako akaliona, akakuonyesha ngazi. Ukatikisa kichwa, ukampa bunda, ukasema neno. Kisha ukatazama juu. Nilikuwa ukingoni, Kaka, na uliniona. Mkono wangu haukuinuka. Nimejilaumu usiku kucha, ndiyo maana nakuandikia asubuhi hii kabla ya lolote. Sijui kama nimekusamehe, wala sijui kama wewe utanisamehe nilivyomtuma. Najua tu kwamba boti ilipokurudisha, nilitaka kukuita.

Jana ilikuwa jioni ya kuvalia. Nilifunga shiromani yangu, nikafungua bunda lako. Nyuzi hazijachujuka hata moja. Nikalibeba joho mkononi mpaka chumba cha chakula, watu wote wakiwa wamekwisha kaa, nikalivika kwenye mgongo wa kile kiti cha pili na kulitengeneza mabega. Hakuna aliyegeuza shingo. Mhudumu wetu ni mzee kiasi, wa Morisi. Alilitazama joho, akanitazama mimi, akachukua ile kadi yenye jina lako akaniuliza kwa sauti ndogo kama ibadilishwe. Nikamwambia aandike Soilihi. Akaandika kwa kalamu yake mwenyewe, kwa mwandiko wa mapambo, akaisimamisha mbele ya kiti.

Akamtandikia. Uma, kisu, glasi ya maji. Akaleta samaki wangu, akaleta na wake. Nilikula, Kaka. Nilimweleza habari zote taratibu, wajukuu watatu, mpapai, wewe na ghala la mchele, kasha. Nilimwambia ni mimi niliyemtuma na wewe uliyelichukua. Kuanzia nilipokaa mpaka nilipoondoka, kifuniko cha kasha sikukisikia.

Tutarudi Mahajanga tarehe ishirini na tisa, na safari hiyo nitashuka. Usiniandalie chochote. Uwe gatini tu, na unionyeshe nyumba ilipokuwa. Joho nampelekea Kouraichia, alikuwa na miaka sita na hana hata kifungo cha baba yake.

Samaki walipokwisha, mhudumu alikuja kama ulivyonieleza wewe. Akachukua sahani yangu. Kwa ile nyingine, ambayo haikuguswa, alisimama kando ya joho, akainama kidogo, akaniuliza kama bwana amemaliza.

Nikamwambia, "Ndiyo, amemaliza."

Dada yako,
Zalifa